Mume ametoweka: ya kuandaa kabla hujaenda kwa kadhi

Mume akienda dago (kambi ya wavuvi), bara au Arabuni akakata mawasiliano, mkewe hajaachika. Ipite miaka mingapi, ndoa ya Kiislamu haivunjiki yenyewe. Ipo mpaka atoe talaka au kadhi aifasikhi, yaani aivunje kwa hukumu. Wanawake wenzangu, msipokee posa kwa maneno ya mtaani kwamba "yule si mume tena".

Ile miaka 3 ya kutelekezwa inayotajwa sana kuwa sababu ya kuomba talaka ni ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na hiyo ni ya Tanzania Bara. Kwetu Zanzibar shauri la Waislamu huenda Mahakama ya Kadhi, iliyo chini ya Sheria Namba 9 ya mwaka 2017. Huko neno zito ni matunzo: ameacha nini, analeta nini, tangu lini.

Basi kusanya ushahidi mapema. Cheti cha ndoa kikipotea, mtafute aliyewaozesha na mashahidi waliokuwepo. Daftari la dukani unapokopa mchele na unga lina thamani kubwa, maana tarehe zimo na jina lililoandikwa ni lako, si lake. Pesa alizowahi kutuma kwa simu usizifiche hata kama ni kidogo. Ukigundulika umeficha, na ya kweli yatatiliwa shaka. Meseji zake usizifute, hasa iliyotaja kuacha, kwa sababu tarehe yake inaweza kugusa eda, muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena. Mweleze sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yenu, mapema, na uwaombe majirani wanaoijua hali yako wawe tayari kusema walichokiona wao.

Linaloniuma zaidi ni haraka ya kukimbilia khului. Khului ni kujikomboa: mke hurudisha mahari au kutoa kitu, na mume akubali. Aliyetelekezwa bila matunzo ana njia ya faskhi, yaani kadhi kuivunja ndoa, asijinunue kwa kosa lisilo lake. Mwambie kadhi wazi unachoomba. Kama mlijenga pamoja, chukua na risiti za saruji na bati, kwani sheria hiyo ya 2017 inaruhusu kudai mchango wako katika mali.

Ndoa ikishafasikhiwa, usiondoke bila hati. Kisha kaa eda: twahara 3 (vipindi vya usafi baina ya hedhi) kwa anayepata hedhi, miezi 3 kwa asiyepata, na mjamzito mpaka ajifungue.