Somo: Kitabu kinapataje nafasi kwenye rafu za maktaba yetu

Assalam aleikum wanachama. Juzi mzee mmoja wa Mkomani alisimama mbele ya meza yangu, bakora mkononi, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hivi vitabu hujileta vyenyewe?" Alikuja kutafuta kitabu cha kufuga nyuki, akakuta vinne vya kompyuta ambazo hata makumbusho hazina tena. Nilicheka, kisha nikaona haya. Hivyo leo naeleza tunavyochagua, hatua kwa hatua, pamoja na tulipokosea. Wenye vimaktaba vya mtaa au vya shule Lamu hii wachukue kinachowafaa.

Hatua ya 1: Hesabu wanaotoka mikono mitupu

Kabla hujafikiria kitabu chochote, kaa na daftari uangalie watu. Asubuhi kwetu ni wazee wa gazeti. Taifa Leo moja hupita mikono mingi hadi adhuhuri. Baada ya alasiri, watoto wakitoka chuo cha Kurani, ndipo kelele. Magharibi ikikaribia, wanabaki wa kidato cha nne.

Rejista ya kuazima itakuambia kilichoazimwa. Haitakuambia kilichokosekana. Kwa hiyo tuna daftari la pili, tunaliita "Hakuna". Kila tunapomjibu mtu "hakuna", tunaandika alichotaka na tarehe, basi. Mwaka jana neno lililojirudia sana humo lilikuwa injini za boti: namna ya kuifungua, kuisafisha, kujua kwa nini haishiki. Mimi peke yangu nisingeliwaza hilo, maana sina boti. Yakafuata ushonaji, sheria za ardhi, na nyuki wa yule mzee.

Hatua ya 2: Andika sera, hata ya kurasa mbili

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeweka maktaba katika kazi za kaunti. Maana yake pesa ni ya umma, na yeyote ana haki ya kuuliza kwa nini umenunua hiki ukaacha kile. Sera ijibu: nani anaamua, tunanunua lugha zipi na kwa kiasi gani, nini hatununui, zawadi tunazipokeaje, na mwenye malalamiko afanye nini. Bila karatasi hiyo, maktaba hufuata ladha ya mkutubi au ya mkubwa aliyepiga simu mwisho. Ningeachiwa mimi, nusu ya rafu ingekuwa historia na tenzi, na watoto wangelia.

Andika pia kwamba vya hapa nyumbani vina mlango wao. Mwana Kupona alimtungia binti yake wasia wake mwaka 1858, huku huku visiwani kwetu. Kitabu cha tenzi za namna hiyo hakingoji kuombwa na watu kumi ndipo kinunuliwe. Sisi tusipokiweka, nani atakiweka?

Neno dogo kuhusu namba. Mpango wa Dewey, tunaopangia vitabu, ulitoka Marekani mwaka 1876. Humo Ukristo umetandikiwa kuanzia 220 hadi 280 na kitu, Uislamu umepewa 297 peke yake. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mkusanyiko mzuri ni ule wenye vitabu sawasawa kwenye kila namba. Rafu yetu ya 297 ni ndefu kama barabara ya pwani, na ya michezo ya theluji iko tupu. Sawa kabisa.

Hatua ya 3: Pesa

Bei ya kitabu si ile iliyobandikwa nyuma. Ongeza kodi ya asilimia 16, lori hadi Mokowe, boti, hamali wa gatini, na plastiki ya kufunikia jalada. Tenga fungu la watoto kwanza, maana vyao huchakaa mbio. Na usingoje Juni. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 mwezi huo, na vitabu vya haraka haraka vya Juni navitambua nikiwa mbali.

Hatua ya 4: Kishike mkononi

Hapa msiharakishe. Ukiwa dukani, anza na mgongo wa kitabu. Kitazame kwa juu, pale kurasa zinapokutana na jalada. Ukiona vifungu vidogo vidogo vilivyokunjwa na kushonwa kwa uzi, hicho kitakaa. Ukiona karatasi moja moja zimepangwa na kubandikwa gundi, kifungue katikati ukisikilize. Kikilia "tak", kiache. Kwa wasomaji wetu hakimalizi mwaka. Vya pini ndio balaa zaidi: hewa ya bahari huila pini, kutu huingia kwenye karatasi, na masika moja tu unaokota kurasa sakafuni.

Kisha geuza ukurasa wa hakimiliki uone mwaka na toleo. Utenzi hauchachi, kitabu cha dawa huchacha kama maziwa. Cha afya kilichopita miaka mitano nakitilia shaka, cha sheria nakiuliza kama sheria yenyewe bado ipo. Halafu tazama kama kina faharasa nyuma, maana kitabu cha maarifa kisicho na faharasa humchosha mtafutaji. Mwisho, soma kurasa mbili za katikati. Ukurasa wa kwanza kila mwandishi ameupiga pasi.

Hatua ya 5: Zawadi

Hapa ndipo tulipoumia. Miaka kadhaa nyuma, wahisani fulani wa ng'ambo walitutumia masanduku kumi na moja. Tulifurahi kama watu wa harusi. Punda wanne waliyabeba kutoka gatini, watoto wakifuata nyuma. Tulipofungua la kwanza, harufu ya koga ilitupiga usoni kabla hatujaona herufi. Ndani mlikuwa na mwongozo wa kodi za nchi isiyo yetu, vile vya kompyuta alivyovikuta mzee wetu, na nakala kumi na nne za juzuu ya pili ya riwaya ambayo juzuu yake ya kwanza hatujaiona mpaka leo. Vya kufaa havikujaza sanduku moja. Nauli na hamali tulilipa sisi, na koga ikahamia kwenye vitabu vyetu vizima.

Na tulivipanga vyote! Muungwana hakatai zawadi, tukaona aibu. Siku hizi karatasi ndiyo inayokataa, mimi natabasamu tu. Anayetaka kutoa hutuletea orodha kwanza, nasi tunaweka alama tunavyovitaka. Halafu anatia saini kwamba kitabu kikishapokelewa, maktaba inaweza kukiweka, kumpa mwingine, au kukitupa. Mhisani wa kweli hachukii kuulizwa. Shirika la Book Aid International la Uingereza, ambalo kazi yake ilianza 1954, siku hizi hutuma vitabu vipya kutoka kwa wachapishaji, wala hawakuchukulia Afrika kuwa jalala.

Hatua ya 6: Toa

Rafu ikijaa, msomaji haoni kitu. Kila mwaka kabla ya masika tunapita rafu moja moja tukiuliza: kinadanganya? kimechakaa? kipo kipya kuliko hiki? kimeazimwa lini mara ya mwisho? Tulikuwa na mita mbili nzima za vitabu vya marudio ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023. Tulibakisha kimoja cha kumbukumbu. Wengine walinung'unika kwamba tunatupa elimu.

Maswali ya wanachama

Swali (mwanachama wa Langoni): Mbona riwaya za mapenzi ni nyingi hivyo?

Jibu: Kwa sababu hazikai rafuni, dada. Ungezihesabu jioni ungeona ni chache.

Swali (mwanafunzi, kidato cha nne): Mwalimu, kitabu teule cha mtihani wa fasihi kipo nakala mbili na sisi tuko arobaini. Hamuoni?

Jibu: Tunaona, mwanangu. Lakini kitabu teule hubadilishwa baada ya miaka michache, na nikinunua arobaini leo, kesho nina mita nyingine ya KCPE. Kazi ya kila mwanafunzi kuwa na chake ni ya shule. Mbili zetu hazitoki nje: unasoma humu humu, saa mbili, unampisha mwenzio. Njooni kwa makundi, mmoja asome kwa sauti. Chumba cha nyuma ni chenu kuanzia saa kumi.

Swali (mama wa watoto watatu, Shela): Binti yangu alirudi na kitabu chenye mambo yasiyolingana na dini yetu. Kwa nini msikiondoe tu?

Jibu: Bi, hasira yako naielewa, na hukukosea kuja. Kuna fomu, inauliza umesoma kitabu chote au kurasa zipi, na ungependa tufanye nini. Watu watatu watakisoma chote, mmoja wao si mfanyakazi wa maktaba, na utajibiwa kwa maandishi. Pengine kilipangwa rafu isiyo yake kikahitaji kuhamia kwa watu wazima. Ilishatokea, na kosa lilikuwa letu. Ila kuondoa kwa sababu ya itikadi, siasa au dini, hapana. Tamko la UNESCO na IFLA, shirikisho la vyama vya maktaba duniani, la 1994 na lililosasishwa 2022, limelikataza hilo kwa maktaba zote za umma, na ni hilo hilo linaloilinda rafu yetu ya 297 siku akija asiyeipenda. Mtoto wako asome nini ni amri yako wewe mzazi. Tuambie, tuandike kwenye kadi yake.

Swali (mwanachama wa Matondoni): Marehemu babu ameacha kitabu cha mkono, tenzi kwa herufi za Kiarabu. Nikilete mkiweke rafuni?

Jibu: Usikilete kwa rafu, kaka. Rafu zetu ni za kuazima, na cha babu kipo kimoja duniani. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, na asili zikabaki na wenyewe. Ndiyo njia nzuri. Nakala ya picha tutaipokea kwa furaha ikiwa familia nzima imeridhia. Nakuomba mambo mawili: palipochanika usibandike seloteji, na usikifunge kwenye plastiki, kitatoa jasho. Kizungushie kitambaa cha pamba kikavu. Njoo Jumatano saa nne asubuhi, dirisha la mashariki lina mwanga mzuri, tutakipiga picha pamoja ukurasa kwa ukurasa.