Somo: Kuchagua bunduki ya kujikinga na dubu unapowinda Montana

Nimeulizwa sana jambo hili na ndugu zetu wanaowinda elki, yule paa mkubwa wa milima ya Montana, Wyoming na Idaho. Wengi ni wa familia za Kikongo zilizoanza kupokelewa Missoula, mji wa Montana, mwaka 2016. Bunduki ya kuwindia wanayo. Wanataka kujua washike nini dubu akiwajia.

Hatua ya 1: Pima muda kwanza, kaliba (ukubwa wa risasi) baadaye. Dubu aina ya grizli hukimbia hadi kilomita 56 kwa saa. Akitokea mita 30 mbele yako, una sekunde mbili hivi. Hushambulia hasa akishtukizwa, akiwa na watoto, au akilinda mzoga. Sasa mtazame mwindaji: anatembea kimya alfajiri, upepo unampiga usoni hivyo dubu aliye mbele hapati harufu yake, kisha anachinja na kuacha matumbo porini. Silaha iliyo ndani ya begi haina kazi hapo.

Hatua ya 2: Nunua kopo la pilipili la dubu, yaani dawa ya pilipili ya kumpulizia usoni, kabla ya bunduki. Watafiti wa dubu Tom Smith na Stephen Herrero walichunguza matukio ya Alaska ya 1985 hadi 2006, wakakuta pilipili ilimzuia dubu wa kahawia (grizli ni wa jamii hiyo) katika asilimia 92 ya matukio. Katika utafiti wao wa 2012 kuhusu silaha za moto, bastola zilifanikiwa asilimia 84 na bunduki ndefu asilimia 76. Matukio hayo si ya aina moja, kwa hiyo msiyashindanishe kama mechi. Ila yanatosha kunishawishi kwamba kopo likae kiunoni au kifuani kila siku, hata kama una bunduki. Chukua lenye namba ya usajili ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, la gramu 225 au zaidi.

Hatua ya 3: Chagua silaha kwa kazi ya mikono yako. Bunduki ya .30-06 (jina la aina ya risasi yake) uliyomwindia elki ina nguvu ya kumwangusha dubu. Tatizo ni kwamba wakati wa kuchuna umeiegemeza kwenye mti, mikono imejaa damu na mgongo umeugeuzia msitu. Hapo ndipo bastola inapopata nafasi yake, ikiwa kwenye ala ya kifuani.

Rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ya .44 Magnum ina nguvu, ila hubeba risasi tano au sita na inarusha mkono vibaya. Bastola ya 10mm Auto ina nguvu pungufu, lakini magazini yake hubeba hadi risasi 15 na mkono hurudi kwenye shabaha haraka. Kwa mtu anayeanza, mimi nampa 10mm. Mwenye viganja vidogo ajaribu rivolva ya .357 Magnum. Bunduki ya marisau ya geji 12 ni nzuri ya kulinda kambi, ikiwa na risasi moja nzito badala ya marisau.

Hatua ya 4: Risasi. Usitumie risasi yenye tundu kichwani. Hupanuka mapema, na dubu ana mafuta, misuli na mifupa mizito. Tafuta risasi ngumu, nzito, yenye kichwa bapa, ipenye hadi ndani.

Hatua ya 5: Mazoezi. Chomoa na upige shabaha ya ukubwa wa sahani, mita saba, ukiwa umevaa koti na begi. Ukikosa, badilisha silaha au ongeza mazoezi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Nipo kwa viza ya mwanafunzi. Naruhusiwa?*
Marahaba. Sheria ya shirikisho humkataza mwenye viza ya muda kumiliki hata risasi, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo leseni halali ya kuwinda. Muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa silaha. Pilipili haina kikwazo hicho.

*Kaka, huku British Columbia je?*
Bastola isahau. Kanada ilisimamisha ununuzi wake Oktoba 2022, na hata kabla ya hapo kuibeba porini kulihitaji kibali maalumu. Beba pilipili na bunduki yako ndefu.

*Nikimuua grizli nitafungwa?*
Huku Montana, grizli analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975. Kumuua kunaruhusiwa tu kwa kuokoa maisha, yako au ya mwingine. Usichukue kucha wala ngozi, usiusogeze mzoga. Piga simu kwa maafisa wa wanyamapori mara tu upatapo mtandao. Kanuni inadai taarifa ndani ya siku 5.

*Papa, naweza kusafiri kwa ndege na kopo?*
Hapana, ndege za abiria hazilipokei hata kwenye mzigo. Nunua ukifika.

*Tukiwa wawili, wote tuchune ili tumalize haraka?*
Mmoja achune, mwingine asimame akiangalia msitu, kopo mkononi. Mkimaliza, ivuteni nyama mbali na matumbo, muitundike mahali mnapoweza kupaona kutoka mbali. Kesho yake mkirudi kuichukua, msiifuate moja kwa moja: pazeni sauti, simameni mahali pa juu, muitazame kwanza kwa darubini.