Kutofautisha Piraiti na Dhahabu kwa Msumari, Kigae na Karai

Juzi kijana mmoja wa machimbo ya huku Geita aliniletea mfuko wa mawe yanayong'aa, na bati za nyumba alikuwa ameshazipigia hesabu. Yalikuwa piraiti, madini ya chuma na salfa. Tulipima hivi.

1. Geuzageuza jiwe juani, kisha kivulini. Dhahabu hubaki njano ileile kila upande. Piraiti humeta na kufifia. Ukikuta vipande vya umbo la dadu vyenye mistari ubavuni, hiyo ni piraiti.

2. Kwaruza kwa msumari. Dhahabu ni laini (ugumu 2.5 hadi 3 kwenye kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10), inachubuka. Piraiti (6 hadi 6.5) haichubuki, na ukiigonga inasagika.

3. Angalia rangi ya unga. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima nilipoanza kazi, kwa hiyo soma polepole. Chukua kigae cha bafuni, ukigeuze. Tumia mgongo usiong'aa, kwa sababu upande laini hauachi unga wowote. Sugua jiwe kwa nguvu. Dhahabu huacha mstari wa njano, piraiti huacha mweusi wenye ukijani. Lakini piraiti iliyokaa kwenye hewa na maji huvaa kutu, na kutu hiyo huacha mstari wa njano iliyoelekea kahawia. Mimi niliuona, nikaamini nimepata. Siku hizi napasua jiwe kwanza na kusugua uso mpya, mara tatu, sehemu tofauti. Kigae kikijaa unga, kioshe kabla ya kurudia.

4. Twanga, uoshe kwenye karai. Dhahabu safi ina uzito mara 19.3 ya maji, piraiti kama mara 5 tu. Kwa hiyo dhahabu hubaki chini ya karai. Ulanga, yale magamba membamba yanayometa, hutangulia kuondoka na maji.

Wapo wanaopima kwa tindikali ya naitriki. Mimi siitaki: inayeyusha piraiti kweli, ila moshi wake wa kahawia unaharibu mapafu, na kigae kinatoa jibu lilelile.

5. Ukishajua ni piraiti, usiitupe. Mara nyingine dhahabu hujificha ndani yake, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Peleka sampuli maabara ipimwe kwa tanuru. Usiichome nyumbani: salfa yake hutoka kama gesi inayokaba koo, na mawe mengine ya aina hii yamebeba aseniki, ambayo ni sumu. Yule kijana nilimwambia ahifadhi mfuko wake pakavu, mbali na kisima, maana piraiti ikilowa muda mrefu maji yake hugeuka tindikali.