Somo: Kugandisha mtindi nyumbani kwa vijiko viwili vya mtindi wa jana

Wapendwa, leo tunagandisha mtindi. Nimeuweka mbele ya masomo mengine makusudi, kwa sababu unataka maziwa, moto na muda tu, na ukifaulu mara ya kwanza, mtindi wa leo ndio mbegu ya kesho.

Hatua ya 1: Andaa vitu. Maziwa lita 1, mtindi vijiko 2 vya chakula usio na sukari wala ladha, sufuria nzito, mwiko, chombo chenye mfuniko na blanketi. Vyombo vyote visuuze kwa maji yaliyochemka. Mtindi wa mbegu lazima uwe na bakteria hai. Ule uliopashwa moto baada ya kuganda hautagandisha kitu.

Hatua ya 2: Chemsha. Tumia moto wa wastani, ukikoroga hadi chini ili maziwa yasishike. Yakifika nyuzi 85 (kama huna kipimajoto, utaona povu dogo pembeni na maziwa yanataka kupanda), punguza moto uyaache hapo dakika 10 hadi 15.

Hapa wengi huwa na haraka, wanasema maziwa yameshachemka, yatosha. Ni kweli vijidudu vya maradhi vinakufa mapema, lakini joto hili lina kazi ya pili. Protini zilizomo kwenye maji ya maziwa hujikunjua na kuishikilia kasini, ile protini inayogandisha. Zikishikana, mtindi unakuwa mzito na hautoi maji mengi. Kwa hiyo mtindi mwepesi mara nyingi umeharibikia jikoni, kabla hata mbegu haijaingia.

Hatua ya 3: Poza hadi nyuzi 43 au 45. Njia ya kidole inatosha: osha mkono vizuri, tumbukiza kidole kidogo, hesabu polepole hadi kumi. Ukiweza kufika kumi huku unausikia moto lakini hauunguzi, hapo ndipo. Ukikitoa ukiwa tatu, subiri. Usipousikia moto kabisa, yamepoa mno, yapashe kidogo.

Mimi mara ya kwanza sikusubiri. Nilitia mbegu maziwa yakiwa bado yanafuka mvuke, nikafunika, nikalala. Asubuhi nikakuta maziwa vilevile, membamba kama nilivyoyaacha. Bakteria wote nilikuwa nimewaua kwa mkono wangu.

Hatua ya 4: Tia mbegu. Chota kikombe cha maziwa hayo ya uvuguvugu, changanya na vijiko vyako 2 hadi mabonge yaishe, kisha rudisha kwenye sufuria na ukoroge taratibu. Usizidishe mbegu ukidhani utaganda vizuri zaidi. Unawahi kuchachuka na kuwa na chengachenga.

Hatua ya 5: Laza. Mimina kwenye chombo, funika, zungushia blanketi, weka pasipo na upepo kwa saa 5 hadi 8. Chupa ya kutunzia chai, ikiwa haina harufu ya chai, nayo inafaa sana. Na tafadhali usitikise wala usifunue kila mara kuchungulia. Ndani humo bakteria wa aina mbili, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi, kila mmoja akimlisha mwenzake. Huyo wa pili alitambuliwa mwaka 1905 na Stamen Grigorov, mwanafunzi wa udaktari kutoka Bulgaria. Asidi ikiongezeka hadi pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi) ikakaribia 4.6, kasini inaganda. Ukitikisa wakati huo unavunja kilichokuwa kinajengeka.

Umeiva? Inamisha chombo kidogo. Mtindi utajitenga na ukuta kwa pamoja, kama kipande kimoja, na pembeni utaona maji kidogo ya rangi ya manjano iliyoelekea kijani. Hayo ni ya kawaida.

Hatua ya 6: Tia kwenye friji saa 4 kabla ya kula. Lakini kwanza, kabla kijiko cha mtu yeyote hakijaingia, toa vijiko viwili vya mbegu kwenye kichupa safi. Itumie ndani ya wiki moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Wangu umeganda lakini unavutika kama ute. Nimekosea wapi?
Jibu: Marahaba. Mara nyingi ni joto dogo, ulilaza maziwa yakiwa yamepoa. Kama harufu ni nzuri na ladha ni ya uchachu safi, unalika. Safari ijayo ongeza blanketi, na mbegu chukua kwingine.

Swali: Maziwa ya boksi yanayokaa nje ya friji yanafaa?
Jibu: Yanafaa, tena hayo yameshapitia joto kali, wewe yapashe tu hadi nyuzi 45. Huwa yanatoka laini kidogo. Ukitaka uzito, ongeza vijiko 2 au 3 vya maziwa ya unga kwa lita.

Swali: Dada, nimefuata kila hatua, mbegu ileile ninayoitumia siku zote, kidole nimepima, lakini maziwa yamegoma kabisa. Nanunua moja kwa moja kwa mfugaji.
Jibu: Muulize kama kuna ng'ombe aliyetibiwa karibuni. Dawa za antibiotiki hupita kwenye maziwa, na kiasi kidogo tu kinazuia bakteria wa mtindi kufanya kazi. Kuchemsha hakuziondoi vya kutosha. Kila dawa ina siku zake za kungoja ambazo maziwa hayauzwi wala kunywewa. Mwambie bila ugomvi, huenda hajui. Hayo uliyonayo usiyanywe mpaka akujibu.

Swali: Yale maji nimwage?
Jibu: Hapana! Kandia unga wa mkate, au pikia nafaka. Ukitaka mtindi mzito zaidi, uchuje kwa kitambaa safi saa 2. Ukiuacha usiku kucha ndani ya friji unapata jibini laini ya kupaka.

Swali: Mbegu moja naweza kuirudia mara ngapi?
Jibu: Iangalie yenyewe. Ikianza kuchelewa kuganda, au mtindi ukatoa mapovu na harufu ya hamira, ibadilishe. Ukiona ukungu, hata doa dogo la pinki au kijani, mwaga chombo kizima. Usichote doa ukala kilichobaki, maana mizizi ya ukungu imeshashuka chini usikoiona.