Kutoa haidrojeni kwenye maji kwa jua, magadi na betri zilizokwisha

Wanafunzi wangu huja kwa ajili ya mlio wa hatua ya 4. Mimi huwa naisubiri hatua ya 5, isiyo na mlio wala moshi.

Hatua ya 1: vijiti vya kaboni. Pasua betri mbili kubwa za tochi zilizokwisha, zile za bei nafuu za zinki na kaboni. Katikati utakuta kijiti cheusi. Tandika gazeti kwanza, maana ule unga mweusi hauachii nguo. Betri za alkali na za simu usiziguse. Misumari nayo haifai: wa upande chanya hushika kutu, na oksijeni huioni.

Hatua ya 2: chombo. Toboa matundu mawili kwenye kitako cha kopo la plastiki, penyeza vijiti kutoka chini, ziba kwa silikoni, uache ikauke usiku kucha. Mimina nusu lita ya maji na ukoroge kijiko kikubwa cha magadi, haya haya ya kulainishia maharage, kwa sababu maji matupu hupitisha umeme kidogo mno. Usitumie chumvi. Mimi niliitumia mwaka wangu wa kwanza kazini, darasa zima likanuka kama jiki, ilikuwa klorini.

Hatua ya 3: kukusanya gesi. Chukua mabomba mawili mapya ya sindano ya mililita 10, utoe sindano na visukumio. Yayusha pua kwa mshumaa na uibane kwa koleo mpaka izibe. Yajaze maji ya magadi, kisha yafunike juu ya vijiti bila kuingiza hewa. Sifuri ipo juu, kwa hiyo unasoma ujazo wa gesi moja kwa moja.

Unganisha paneli ndogo ya sola ya volti 12. Kijiti cha upande hasi hutoa haidrojeni, cha upande chanya oksijeni. Wingu likipita, mapovu hupungua hapo hapo.

Kitabu kinasema mbili kwa moja. Wewe huenda ukapata 10 kwa 4, kwa kuwa sehemu ya oksijeni huyeyuka majini na nyingine hula kaboni ya kijiti. Andika ulichokiona.

Hatua ya 4: mlio. Vaa miwani. Ziba mdomo wa bomba la haidrojeni kwa kidole, linyanyue likiwa limeangalia chini, peleka njiti ya kiberiti inayowaka, ondoa kidole. Pyu! Kinachobaki ni mvuke wa maji. Usikusanye gesi zote mbili kwenye chombo kimoja, na chupa kubwa isahau: haidrojeni hushika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa.

Hapo huwa naandika hesabu ubaoni. Kilo moja ya haidrojeni ina nishati ya uniti 33 za umeme, karibu mara tatu ya petroli kwa uzito. Lakini kuitoa majini viwandani hula uniti 50 au zaidi. Tusidanganyane, hapa nishati imetoka kwenye jua. Haidrojeni ni debe la kuibebea. Nyingi inayouzwa duniani leo hutolewa kwenye gesi asilia, na kaboni dioksidi inaachwa hewani.

Hatua ya 5: kimya. Jaza bomba tena, safari hii ligeuze mdomo juu, hesabu hadi thelathini, ndipo uwashe njiti. Hakuna kitu. Imeshapaa.

Molekuli ya haidrojeni ni nyepesi mara 16 kuliko ya oksijeni, hivyo katika joto lile lile hukimbia mara nne zaidi. Juu kabisa kwenye angahewa, baadhi ya chembe zake hufikia karibu kilomita 11 kwa sekunde na kuiacha Dunia. Tunapoteza takriban kilo 3 kila sekunde. Sayari ya Zuhura ilipoteza nyingi zaidi: mwanga wa jua ulivunja mvuke wake wa maji, haidrojeni ikatoroka, na leo asilimia 96 ya hewa yake ni kaboni dioksidi. Kuitoroka sayari ya Mshtarii kunataka karibu kilomita 60 kwa sekunde, kwa hiyo imebaki nayo: takriban molekuli tisa katika kila kumi.

Hapo kila mwaka kuna anayeuliza kama kiberiti kingeilipua Mshtarii. Kisingeweza, huko hakuna oksijeni ya kuichomea haidrojeni.