Somo: Kufundisha matamshi ya Kiswahili kwa simu moja, bila bando

Walimu wenzangu, tangu mtaala wa 2020 hapa Uganda Kiswahili ni lazima Senior One na Senior Two, yaani miaka miwili ya kwanza ya sekondari, lakini wanafunzi wengi hawakisikii tena kipindi kikiisha. Simu yako inaweza kuwasikilizisha.

Hatua ya 1. Chagua jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu, zisizidi sita. Kwa wanaozungumza Luganda anza na kura/kula na mahari/mahali. Katika Luganda r huja baada ya i na e, kwingineko ni l. Mtoto anayesema "tulipiga kula" si mzembe, anafuata kanuni ya lugha yake. Mwambie hivyo waziwazi.

Hatua ya 2. Rekodi kwa rekoda ya simu, mvua isipopiga bati. Kila neno mara mbili, ukiacha nafasi ya darasa kurudia.

Hatua ya 3. Wasikilize kwanza, wasitamke. Wakisikia "kura" wanyooshe mkono, wakisikia "kula" watulie. Hapa usiharakishe hata kidogo, kipindi kizima kikiishia hapa ni sawa. Sikio lisilotofautisha haliwezi kuuongoza ulimi.

Hatua ya 4. Sasa warekodi kwa vikundi: "Tulipiga kura kabla ya kula." Wachezee rekodi hiyo, wajisahihishe wenyewe. Mwenye aibu usimrekodi peke yake mbele ya wenzake. Kisha futa. Sauti za watoto si za kurushwa WhatsApp.

MASWALI

— Mwalimu, nina wanafunzi 80 na spika sina.
Basi usicheze rekodi kwa darasa zima. Kikundi kimoja kikae na simu, wengine waandike imla, halafu mbadilishane. Wiki moja wote watakuwa wamefikiwa.

— Huku Gulu, kaskazini, r na l si shida. Waacholi wanasumbuliwa na f.
Tumia fika/pika na faa/paa, hatua ni zilezile. Jozi zitoke kwenye masikio ya darasa lako, usinakili zangu.

— Habari za BBC au DW je?
Kwa Senior One zinakwenda mbio mno. Senior Three, sawa: pakua kipindi penye Wi-Fi, kata dakika moja tu, punguza kasi hadi 0.75. Mara ya kwanza waulize habari inahusu nchi gani, basi. Mambo mengine yasubiri mara ya pili na ya tatu.