Namna ya Kutafiti na Kuwasilisha Jengo Maarufu la Paris katika Somo la Kifaransa
Mwanafunzi achague jengo moja tu, kwa kuwa anayebeba matatu kwa dakika tano huishia kusoma orodha ya majina. Akichukua Mnara wa Eiffel, akusanye kwanza mambo machache yanayothibitika: ujenzi ulianza 1887 ukakamilika 1889 kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia, na leo mnara una urefu wa mita 330. Kisha atunge sentensi zake mwenyewe badala ya kunakili, akikumbuka kwamba neno «tour» lenye maana ya mnara ni la jinsia ya kike (la kiume ni mzunguko), hivyo huandikwa «la tour a été construite» (mnara ulijengwa), na ile e ya mwisho ndiyo inayoifanya t isikike.

Kazi kubwa iko kwenye miaka. Mwaka 1889 husomwa «mille huit cent quatre-vingt-neuf», yaani themanini hutajwa kama ishirini mara nne, na hapo ndipo wengi hukwama mbele ya darasa. Basi aurudie kwa sauti nyumbani hata mara kumi. Picha moja kubwa yatosha. Siku ya kuwasilisha aionyeshe, aanze na «Voici» (huu hapa), aeleze kwamba mnara uko karibu na mto Seine, na karatasi aiache mezani.